Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Familia Kwanza, Fomu Baadaye

Wazee wetu, shikamoni. Ndugu wanachama, akina mama na vijana, nawasalimu nyote.

Mambo ya fedha mtasomewa na Mhazini. Mimi nitaeleza jambo moja lililobadilisha kazi ya chama chetu mwaka huu: tuliyojifunza kwa majirani zetu wa Pasifika, yaani watu wenye asili ya visiwa vya Bahari ya Pasifiki, hapa Auckland Kusini, New Zealand.

Mnakumbuka tulivyokuwa. Familia ikipata shida tuliipeleka ofisini. Mama anahojiwa peke yake, baba peke yake, mtoto anageuzwa mkalimani wa aibu za wazazi wake. Mama mmoja alirudi na fomu tatu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza ana ndugu gani hapa.

Wahudumu wa Kisamoa na Kitonga waliotukaribisha Māngere, mtaa wa hapa Auckland Kusini, hawaanzi hivyo. Wanaanza kwa sala, chakula, na kuulizana ukoo. Ndipo inapofuata talanoa, mazungumzo ya kukaa chini bila haraka. Wanafuata Fonofale, mfano uliobuniwa na Fuimaono Karl Pulotu-Endemann, Msamoa aliyekuwa muuguzi wa afya ya akili. Mfano huo ni nyumba: msingi ni familia, paa ni utamaduni, na nguzo nne ni mwili, roho, akili, na mengine yanayomgusa mtu, kama jinsia, umri na elimu. Mzee wetu mmoja wa Uvira, Kongo, alisikiliza hadi mwisho, akasema hili ni baraza, tulilijua tangu kwetu.

Naomba tusidhani wenzetu waliyapata haya kwa hisani. Kati ya 1974 na 1976 polisi waliwavamia majumbani alfajiri kuwasaka waliopitisha muda wa viza. Vijana wa Polynesian Panthers, kundi lililoanzishwa 1971, waliwafundisha watoto masomo ya ziada na kuwaeleza watu haki zao. Serikali iliomba radhi rasmi tarehe 1 Agosti 2021, Waziri Mkuu Jacinda Ardern akafunikwa mkeka kwa ifoga, desturi ya Kisamoa ya kuomba msamaha. Sensa ya 2023 iliwahesabu watu wa Pasifika zaidi ya 442,000 nchini. Sisi ni wachache mno, ndiyo maana nathamini sana kwamba walitufungulia mlango.

Sasa tuna kikao cha familia kwa Kiswahili kila Jumamosi: chai kwanza, kisha mzee mmoja wa kiume na mmoja wa kike wanasikiliza. Mkalimani ni mtu mzima. Na hapa nasema bila kuficha: kikao si mahali pa kufunika kipigo. Wenzetu walitusisitizia kwamba utamaduni hauwi kisingizio cha kumuumiza mtu. Palipo na vurugu, tunaanza na usalama wa mama na watoto, na polisi wanaitwa.

Vijana bado hawaji, na hilo linaniuma. Wanasema wazee wanasema mno, na wana haki. Kuanzia mwezi ujao watakuwa na kikao chao, wakiongoza wenyewe. Tunahitaji pia akina mama wanne wa kufundishwa kusikiliza. Walio tayari wampe Katibu majina yao kabla hatujaondoka leo.