Lon Chaney hakuishi kwa kujitesa

Mhariri,

Kwa miaka mingi nimesoma ukurasa wenu wa burudani nikayaacha mengi yapite. Makala ya Jumapili iliyopita kuhusu Lon Chaney, mwigizaji Mmarekani wa filamu bila sauti, imenishinda. Mwandishi wenu amejaza robo tatu ya ukurasa kwa orodha ya mateso: nundu ya kilo 32 mgongoni, utando wa yai jichoni, miguu iliyofungwa hadi ikafa ganzi, visu vilivyorushwa kwa vidole vya miguu. Uigizaji wenyewe, wa mtu aliyeonekana kwenye filamu zaidi ya 150, umepata sentensi mbili, na moja kati ya hizo inasema alikuwa "na kipaji cha ajabu".

Tuanze na nundu. Uzito huo wa pauni 70 ni porojo za matangazo ya The Hunchback of Notre Dame, filamu ya Universal ya mwaka 1923, na mnaendelea kuzitangaza bure miaka mia moja baadaye. Michael Blake, aliyeandika wasifu wa Chaney na ambaye mwenyewe ni fundi wa mekapu, alishaeleza kwamba nundu ilikuwa ya plasta, yenye pauni 20 hivi. Hata bila kumsoma Blake, mtu yeyote aliyewahi kumvalisha mwigizaji angeshtuka. Ukimtwika mtu kilo 32 mgongoni, mikanda inateleza kila akigeuka, nundu inahama kutoka picha moja hadi nyingine, na vipande vya filamu vikiunganishwa mhusika anaonekana ana migongo miwili tofauti. Kinachompinda mwigizaji ni mikanda ya ngozi inayounganisha kifua na mgongo ili asiweze kunyooka, wala si uzito. Makala yenu ilipotoka tu, kijana mmoja wa kikundi cha maigizo alinijia na gazeti mkononi, ananiuliza mchanga wa kilo 32 utaingia kwenye mfuko wa ukubwa gani.

Jicho jeupe la The Road to Mandalay (1926) lilikuwa lenzi ya kioo iliyotengenezwa na mtaalamu wa miwani. Yai liacheni jikoni. Visu vya The Unknown (1927) navyo vilikuwa kazi ya watu wawili: Chaney alitoa uso na kiwiliwili, na miguu inayorusha visu na kushika sigara ni ya Paul Desmuke, mtu aliyezaliwa bila mikono. Sioni kwa nini ukweli huo ufichwe, maana ndio unaoonyesha ufundi. Uso wa mmoja unapaswa kujua sekunde ile ile mguu wa mwenzake unafanya nini, la sivyo hila inaonekana hadi viti vya nyuma. Miguu iliyofungwa ya The Penalty (1920), alipocheza mtu aliyekatwa miguu, ni kweli: ilikunjwa nyuma, magoti yakaingizwa kwenye vifuko vya ngozi, na koti likashonwa pana kuficha nyayo. Iliuma, sikatai. Lakini tazameni anavyopanda ukutani kwa nguvu ya mikono peke yake, huku uso ukiwa umeshafika juu kabla ya mwili, kisha mniambie kama kilichowavuta ni maumivu.

Sasa mekapu, ambayo mwandishi wenu ameiita "barakoa". Chaney hakuvaa barakoa, Mhariri! Barakoa haichezi na misuli, na filamu bila sauti haina kitu kingine cha kusema nacho ila misuli ya uso. Alichofanya ni kujenga juu ya ngozi yake mwenyewe. Shavu linapakwa gundi ya spiriti (ile ya kubandikia ndevu bandia), pamba inachambuliwa nyembamba na kubandikwa tabaka moja, inapakwa kolodioni (kimiminika kinachokauka na kuwa utando mgumu), inaachwa ikauke, ndipo tabaka la pili lifuate, na kingo zinafutwa hadi zipotee kabisa kwenye ngozi. Kingo zikibaki nene, picha ya karibu inaonyesha mstari. Ukiharakisha tabaka la pili kabla la kwanza halijakauka, shavu linapasuka mwigizaji akitabasamu. Jasho likipita chini, lote linabanduka kama plasta ya kidonda. Kolodioni inakaza ngozi inapokauka na mvuke wake unashika moto, kwa hiyo hakuna sigara chumbani. Kwa Mr. Wu (1927) aliongeza ngozi ya samaki kubadili macho, vipande vya vishikio vya sigara puani, na kucha ndefu zilizokatwa kutoka kwenye mkanda wa filamu na kupakwa rangi. Halafu kuna jambo ambalo makala nzima haikuligusa: aina ya mkanda. Kabla ya katikati ya miaka ya 1920, filamu nyingi zilipigwa kwa mkanda usioiona rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi, na buluu ilitoka karibu nyeupe. Midomo ikipakwa nyekundu kama ya harusini, inatoka kama shimo. Macho ya buluu yanatoka kama ya mzimu. Fundi aliyejua hilo aliweza kulizamisha shavu kwa rangi nyekundu tu, bila kuchonga chochote, na kuuinua mfupa kwa rangi nyeupe. Ulipokuja mkanda unaoziona rangi zote, pamoja na taa za balbu, hesabu hizo zote zilianza upya, na Chaney akajifunza upya. Ndiyo maana Encyclopaedia Britannica, toleo la 14 la mwaka 1929, ilimpa yeye aandike kuhusu mekapu. Hawakumpa kwa sababu ya kuvumilia maumivu.

Mmetaja kwa haraka kwamba wazazi wake walikuwa viziwi, kama jambo la kusikitisha. Alizaliwa Colorado Springs tarehe 1 Aprili 1883, na tangu utotoni alizungumza nyumbani kwa mikono na uso. Hapo ndipo pa kuanzia makala. Meneja mmoja wa Universal alimwambia hatafikia thamani ya zaidi ya dola 100 kwa wiki, naye akaondoka. Mwaka 1926 alicheza sajenti katika Tell It to the Marines karibu bila mekapu yoyote, na wanajeshi wa kikosi cha Marines cha Marekani wakamfanya mwenzao wa heshima. Filamu hiyo hamkuitaja, nadhani kwa sababu hakuna alipoumia.

Nikiwa bado na hasira, niseme na wenye kumbi na vibanda vyetu wanaoonyesha filamu hizi mbiombio, watu wakicheka mahali pa kulia. Rili (gurudumu la mkanda wa filamu) ya futi 1,000 ina fremu, yaani picha moja moja, 16,000. Ikipita kwa fremu 16 kwa sekunde inachukua dakika 16 na sekunde 40. Ikikimbizwa kwa 24, kasi ya filamu za sauti, inaisha kwa dakika 11 na kidogo. Filamu nyingi za Chaney zinakaa vizuri kati ya 18 na 22. Kama mnatumia kompyuta, angalieni kwanza kama nakala imesharekebishwa kasi. Kama bado, punguzeni kasi hadi asilimia 80 au 85 hivi, kisha tazameni mtu anayeshuka ngazi: akishuka kama binadamu, acheni hapo. Na muziki wa taarabu uliowekwa juu ya kifo cha Quasimodo, yule mwenye nundu wa Notre Dame, uondoeni tafadhali.

Kuhusu marekebisho, sitaki ile mistari miwili ya kuomba radhi pembeni mwa matangazo ya vifo. Mwandishi wenu apewe pamba, chupa ndogo ya gundi ya spiriti, kolodioni ya mililita 50 na kioo. Ajenge shavu moja, la kushoto, tabaka tatu, dirisha likiwa wazi. Kisha apigwe picha nyeusi-na-nyeupe kupitia kichujio cha buluu, ili itoke kama ule mkanda usioiona nyekundu, akisema kwa uso tu, bila neno, kwamba mwanamke anayempenda anaolewa kesho. Picha hiyo ichapishwe ukubwa ule ule mliompa Chaney. Pamba na gundi nitachangia mimi. Shati avae la zamani, maana kolodioni ikimwagikia nguo haitoki.

Msomaji wenu,
Fundi wa mekapu ya jukwaani
Dar es Salaam