Laiki Zimejaa, Simu Hailii: Kupima Kazi ya Mitandao ya Asasi Yako

Mama mmoja, mkurugenzi wa asasi inayogawa taulo za kike mashuleni, alikuja ofisini kwetu hapa Mtwara mjini na ripoti ya robo mwaka mkononi. Kwenye kipengele cha mawasiliano alikuwa ameandika idadi ya wafuasi na laiki. Mfadhili akamrudishia swali la mstari mmoja: hao wafuasi wamefanya nini? "Mwanangu, kazi tumefanya," akaniambia, "ila hili sina la kujibu."

Tukafungua ukurasa wake wa Facebook, pale kwenye takwimu panapoonyesha wafuasi wanatoka miji gani. Juu kabisa Dar es Salaam. Masasi na Newala, ziliko shule anazozihudumia, zilikuwa mkiani. Alichokuwa anataka ni walimu na wazazi wa huko wapige simu kuomba huduma, na machapisho yake hayakuwa yanawafikia.

Angekuwa anatafuta wachangiaji, Dar ingemfaa sana. Ndiyo maana kila mteja tunamuuliza kwanza: unataka nani afanye nini? Mwalimu apige simu? Kijana ajitolee? Mjomba aliyeko mjini atume mchango? Jibu likishapatikana, ndipo tunajua cha kuhesabu.

Laiki peke yake haitoshi. Mwaka 2013 UNICEF ya Uswidi iliwaambia watu waziwazi kwamba laiki zao hazimchanji mtoto hata mmoja dhidi ya polio, chanjo inanunuliwa kwa fedha. Vilevile msichanganye waliofikiwa na maonyesho. Mtu mmoja akiliona tangazo lenu mara tatu, aliyefikiwa ni mmoja, maonyesho ni matatu. Tumeona ripoti zinazotaja maonyesho kana kwamba ni vichwa vya watu, na mfadhili akigundua, hata yale ya kweli atayatilia shaka.

Kwa yule mama tulianza na jambo lisilohitaji hata shilingi. WhatsApp inakuruhusu kutengeneza linki ambayo mtu akiibonyeza, ujumbe unafunguka ukiwa umeshaandikwa. Tukatengeneza mbili. Ya Facebook ilifunguka na maneno "Habari, nimewaona Facebook, naomba kujua kuhusu taulo za kike." Ya Instagram ikataja Instagram. Kila ujumbe ukawa unaingia na anwani yake. Kwenye WhatsApp Business akaweka lebo: mwalimu, mzazi, mchangiaji. Kwa wanaopiga simu, binti wa mapokezi akapewa daftari lenye safu nne: tarehe, anatoka wapi, katusikia wapi, kahudumiwa au bado. Hiyo safu ya mwisho naipenda kuliko zote, maana mwalimu aliyepiga simu na hajahudumiwa ni deni.

Daftari hilo ndilo lililotuonyesha kwamba walimu wengi walimpata kupitia makundi ya WhatsApp ya walimu wenzao. Takwimu za Facebook zisingeweza kutuambia hilo kamwe, kwa sababu linki ikishatumwa kwenye kundi, Facebook haioni tena inakokwenda.

Sasa suala la msimu, ambalo wataalamu wa mbali hulisahau. Huku kwetu minada ya korosho inaanza Oktoba. Malipo ya wakulima yakiingia, watu wananunua bando na mitandao inachangamka. Ikifika Machi mifuko imekauka. Ukilinganisha Novemba na Machi utadhani afisa mawasiliano wako amelala, na utamlaumu bure. Linganisha Novemba hii na Novemba iliyopita. Kama huna takwimu za mwaka jana, anza kuziandika leo.

Na jamani, picha za watoto. Chapisho lenye sura ya binti analia hupata laiki nyingi, lakini binti huyo kesho anarudi darasani na wenzake wana simu nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na inagusa picha hizo pamoja na namba za simu mnazoziandika daftarini. Ombeni ridhaa ya mzazi, na daftari lifungiwe kabatini. Sisi hatupokei kazi ya kusambaza picha ya mtoto ambayo haina ridhaa.

Huduma yetu kwa asasi za Mtwara na Lindi ni hii: tunakaa nanyi kuchagua mambo mawili au matatu ya kuhesabu, tunawatengenezea linki na daftari, halafu kila mwezi tunawaandalia ripoti ya ukurasa mmoja ambayo hata mjumbe wa bodi asiyetumia mitandao ataielewa. Mkija, njooni na simu yenye ukurasa wa asasi, na mje na yule anayepokea simu za wananchi. Mara nyingi yeye ndiye anayejua zaidi, na hakuna aliyewahi kumuuliza.