Mnaosaka ualimu wa Kiingereza, pasti pepa peke yake haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikera muda sasa. Kila zikitangazwa nafasi za ualimu wa Kiingereza na ikasemwa kutakuwa na mtihani wa mchujo, vijana wanaanza mbio zilezile, magrupu ya WhatsApp yanajaa pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita), anatokea mtu anauza pdf ya "maswali yanayotoka sana", mwenyewe hajulikani alifanya mtihani gani wala alipata ngapi, na watu wananunua tu. Wanakesha wanakariri. Matokeo yakitoka utasikia pepa ilikuwa ngumu, mara ooh watu wanajuana. Kujuana sikatai, ila kuna kitu kingine hatukisemi.

Mtihani wa ushindani sio kama ule wa chuo. Chuoni ukifikisha alama ya kufaulu umefaulu, wa pembeni yako akikuzidi haikuhusu. Huku watu wanapangwa kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho halafu mstari unachorwa pale nafasi zinapoisha, yaani unaweza kuwa na 72 yako nzuri kabisa ukaachwa kwa sababu wa mwisho kuchukuliwa ana 73. Sasa kile ambacho kila mtu kakikariri kitakutofautisha vipi na wenzako? Ngazi 6 za kufikiri za Benjamin Bloom za mwaka 1956, zinazoanzia na kukumbuka tu, wote mnazo kichwani, Vygotsky na mtoto anayesaidiwa na anayejua zaidi mnaye, Krashen na nadharia yake ya kujifunza lugha ya pili mnaye. Hizo alama anaokota kila mtu. (Na inachekesha kidogo, kukariri ngazi za Bloom ni kazi ya ngazi ya chini kabisa ya Bloom mwenyewe.)

Watu wanaachana kwenye maswali kama hili: mwanafunzi kaandika "I have seen him yesterday", eleza tatizo na utamsaidiaje. Nikiwapa vijana ninaojisomea nao, wengi wanaandika "amekosea tense, nitamfundisha tena present perfect" (ile ya "have seen"), basi, wameishia hapo. Hapo unapata alama moja, tena kama msahihishaji kaamka vizuri. Anayetaka kuitwa mwalimu anatakiwa ajiulize hili kosa limetoka wapi. Kwa mtoto anayefikiri kwa Kiswahili halijatoka hewani, sisi tunasema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka, -me- yetu haina ugomvi na jana wala juzi. "Have seen" ya Kiingereza haitaki kukaa na muda uliokwisha isha na ukatajwa, ukishasema yesterday inabidi iwe "I saw him", na ukiing'ang'ania have seen basi yesterday iondoke. Kwahiyo huyo mtoto hajalala darasani, katumia kanuni anayoijua, ila ni ya lugha nyingine.

Ukishaandika hivyo ndo unaendelea na utafanya nini darasani, na hapa usiandike "nitatumia mbinu shirikishi" ukaacha hewani, hilo neno wasahihishaji wamelichoka. Sema watoto watakaa wawili wawili, mmoja anauliza "Have you ever seen a snake?", mwenzake akijibu ndio anaulizwa "When did you see it?" Swali la kwanza linataka kujua tu kama jambo limewahi kutokea, la pili linataka siku, na ile see inabadilika mbele ya macho yao kabla hujagusa chaki kueleza kanuni. Kanuni inakuja baadaye, fupi. Jibu la hivyo linamwonyesha msahihishaji kwamba huyu mtu darasa analiona.

Eneo lingine watu wanapoachia alama ni matamshi. Wanaliruka kwa sababu zile alama za kifonetiki, za kuandikia sauti za maneno, zinatisha, wakati chama kilichozianzisha kiliundwa Paris mwaka 1886 na walimu wa lugha wakiongozwa na Paul Passy, wakitafuta namna ya kuwasaidia wanafunzi. Ni zana ya mwalimu ile tangu mwanzo! Kiswahili kina irabu 5, Kiingereza cha Uingereza kile cha vitabuni kwa hesabu ya kawaida kina sauti za irabu 20 ndani ya jumla ya sauti 44, na zote zinagombania herufi 26, sasa mtoto atajuaje kutenganisha ship na sheep kama mwalimu mwenyewe anazitamka sawa? Mkazo nao hivyohivyo. Sisi karibu kila neno mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, wao record ikiwa nomino mkazo uko silabi ya kwanza, ikiwa kitenzi unahamia ya pili. Maswali ya hivi hayakaririki, ni mdomo na sikio kila siku. Na kubana pua ili usikike Mmarekani sio matamshi, hilo naomba tuelewane.

Kuhusu kusoma kwenyewe nitasema machache tu. Acheni kusoma notisi ileile mara kumi huku mnapiga mistari ya rangi. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliofunga maandishi wakajilazimisha kukumbuka, baada ya wiki walikuwa wanakumbuka zaidi ya waliorudia kusoma, japo waliorudia kusoma ndo waliokuwa wanajiamini zaidi. Funga daftari, andika unachokumbuka, kisha fungua ujione. Insha nazo ziandikwe kwa mkono na saa ipo mezani, kuna watu wana mawazo mazuri sana ila wanaitiwa muda wakiwa bado kwenye utangulizi. Na mpe mtu mwingine akusahihishie, ikiwezekana yule asiyekupenda sana.

Pasti pepa sio kwamba zitupwe. Zinakuonyesha muda unavyogawika na swali la alama 10 linataka urefu gani, hiyo ndo kazi yake.

Sasa nakuja kwako Mhariri. Ukurasa wenu wa maswali ya kuchagua A B C D tunaushukuru, lakini mnaonaje hata nusu yake mkaweka sentensi zilizokosewa na wanafunzi, bila majina, wasomaji wakajibu kosa limetokana na nini na watalitibu vipi, majibu bora yakatoka toleo linalofuata. Na wanaotunga hii mitihani kama mnasoma, ongezeni dakika hata 10 za kila mtu kusimama ubaoni kufundisha kitu kimoja kidogo, kazi itakuwa ndefu najua na itawachosha, ila mtawapata walimu.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa Kiingereza