Maji yaliyomo ndani ya ethanoli ya maabara yapimwe kwa rangi zinazong'aa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashauri wakuu wa maabara za skuli na vyuo vya Unguja na Pemba waanze kufundisha upimaji wa maji ndani ya viyeyushi vya kikaboni, yaani vimiminika vya kuyeyushia vitu kama ethanoli na asetoni, kwa rangi zinazong'aa zikimulikwa na taa ya urujuanimno.

Hewa yetu ya visiwani ina unyevu mwaka mzima, na masika ndiyo kabisa. Chupa ya ethanoli kavu ikishafunguliwa huanza kunywa maji ya hewani, nayo hubaki angavu vile vile. Kuikeneka, yaani kuichemsha na kuupoza mvuke wake ili kuitenga na maji, nako kuna mwisho wake, kwa kuwa ethanoli ikifika kiasi cha asilimia 95.6 kwa uzito huchemka pamoja na maji yaliyobaki. Mwanafunzi anayechambua karafuu kwa ethanoli ya namna hiyo anaweza kupata majibu tofauti na ya mwenzake, asijue sababu.

Mrututu uliokaushwa, ule mweupe unaogeuka buluu ukipata maji, hutuambia kuwa maji yapo lakini hautuambii ni kiasi gani. Njia aliyoitangaza Mjerumani Karl Fischer mwaka 1935 hutoa kiasi kwa usahihi mkubwa, ila mashine yake ni ghali na dawa zake zenye iodini huharibiwa na unyevu huu huu.

Sasa itazame rangi iitwayo Nile Red. Ndani ya asetoni hung'aa sana, na kadiri maji yanavyozidi mng'ao hufifia na kusogea upande wa wekundu. Mwanafunzi akitayarisha sampuli zenye maji ya viwango anavyovijua, akapima mng'ao wa kila moja na kuchora grafu, ataweza kusoma humo kiasi cha maji katika sampuli asiyoijua. Zipo pia rangi zilizobuniwa ambazo hung'aa zaidi maji yanapoingia, nazo ndizo ninazozipendelea pale maji yanapokuwa machache mno.

Uangalifu unahitajika: grafu ya asetoni haifai kwa ethanoli, joto la chumba hubadilisha mng'ao, na uchafu mwingine unaweza kupotosha kipimo. Kwa hiyo naomba Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kinachoandaa walimu wa sayansi, kiliingize zoezi hili katika mafunzo yao ya vitendo, na baadhi ya sampuli zilinganishwe na njia ya Fischer.

Mwalimu wa Kemia,
Chake Chake, Pemba