Mama, fedha ni pungufu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepunguza kuuma na Baba anaendelea vizuri. Leo ndiyo siku ya kwanza mwili wangu umekuwa wangu tena, nikaona nikuandikie mwenyewe kabla maneno hayajakufikia yakiwa yamepindishwa.

Fedha za paa nilituma jana. Ni pungufu. Wiki iliyopita sikwenda kazini siku 6, na kwetu siku usiyofika hulipwi. Nilimweleza Kaka, naye akanijibu kwenye kundi la familia, mbele ya shangazi na mbele ya wanawe: “Mafua tu ndiyo yamlaze mtu mzima wiki nzima? Tangu lini?” Nilisoma nikiwa kitandani natetemeka, blanketi mbili juu yangu. Sikujibu, lakini hayo maneno “mafua tu” yameniuma kuliko kikohozi chenyewe.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe. Mtu akitokwa kamasi tunasema mafua. Akianguka kwa homa kali, viungo vikamvunjika na kichwa kikampasuka, bado tunasema mafua. Haya ya pili ni influenza, ina virusi vyake, na haibishi hodi. Mimi niliingia kuoga nikiwa mzima, nikatoka nashika ukuta. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua yanayoletwa nayo. Wengi wao ni wazee, na kuwatunza wazee ndiyo kazi yangu, Mama.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Unakijua kile cheti ulichokitundika sebuleni, cha kutokosa kazi hata siku moja mwaka mzima. Najua kila mgeni umemwonyesha, na wakati ule hata mimi nilikuwa nakitazama picha yake kwenye simu kila nilipochoka. Mwishoni mwa mwaka ule niliingia zamu 3 nikiwa na homa. Nilikuwa nameza vidonge vya kushusha joto kabla ya kutoka, navyo vinanipoza, najiona nimepona. Lakini vidonge hushusha joto tu. Virusi vilibaki palepale, vinatoka kwa kila kikohozi na kila neno nililosema. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye sauti ndogo sana, hata ilibidi nimwinamie karibu ndipo nimsikie. Alikuwa akiniita binti yangu. Siku chache baadaye akaanza kukohoa, akapelekwa hospitali, hakurudi. Wazee wengine 4 wa korido ile ile nao wakaugua. Hakuna aliyesema imetoka kwangu, na wenzangu wawili pia walikuwa wakikohoa, kwa hiyo sitajua kamwe. Ninachokijua ni kwamba nilisimama mbele ya watu nikapokea cheti, wakanipigia makofi, na kitanda cha yule bibi kilikuwa kimeshatandikiwa mtu mwingine.

Kishushe ukutani, Mama. Nakuomba.

Weka mahali pake picha hii ninayokutumia. Huyo aliyesimama katikati ni mwanao, msimamizi wa zamu ya usiku tangu miezi 5 iliyopita. Watu 9 wako chini yangu, na baadhi yao walikuwa kazini hapa kabla mimi sijapanda ndege. Jambo la kwanza nililolisimamia ni hili: anayeugua apige simu, asije, mimi nitamtafutia wa kumshikia zamu. Mkubwa wetu mwanzoni alinung’unika kwamba watu watatumia nafasi hiyo kupumzika. Sasa amelitaja kwenye kikao na kusema zamu nyingine zifanye kama yetu. Nilikaa pale nikatamani ungekuwepo usikie.

Basi mimi mwenye kusema hivyo ningeingiaje mlangoni na homa? Mtu huanza kuambukiza hata siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huendelea siku 5 mpaka 7 baada ya kuanza kuugua, zile 3 za mwanzo zikiwa mbaya zaidi. Nilingoja homa iniache saa 24 kamili bila kidonge, kisha nikaongeza siku nyingine. Usiku wa pili ulikuwa mrefu. Nilitamani kiganja chako kwenye paji la uso wangu, ulivyokuwa ukifanya tukiwa wadogo. Tuyaache hayo, nimepona.

Kilichonifanya niandike leo ni Dada. Amenipigia jana usiku ananiambia Kaka anakohoa, mwili unamchoma, na Jumamosi bado anakuja kumbeba mtoto. Mama, mtoto ana wiki 7. Chanjo ya influenza haitolewi kwa mtoto aliye chini ya miezi 6, kwa hiyo kinga yake ni sisi watu wazima tunaomsogelea. Na wewe una pumu. Kaka akisema hayo ni magonjwa ya kwenye baridi, huku kweli tuna msimu wake, watu wanapojifungia ndani na madirisha yamefungwa, lakini kwenye nchi za joto virusi hivi huzunguka mwaka mzima.

Mwambie wewe. Akinisikia mimi ataona namlipizia yale ya kwenye kundi. Alale chumba chake peke yake, dirisha liwe wazi, anywe maji ya kutosha, akohoe kwenye kiwiko, na akilazimika kutoka avae barakoa. Asimeze zile antibiotiki alizobakiza, haziui virusi. Akianza kupumua kwa shida au kifua kikimbana, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali. Mtoto atambeba wiki inayofuata, au ile nyingine, na atamkuta amenenepa zaidi. Mimi sijamshika hata mara moja na bado nampenda.

Na mwambie simchukii. Yeye ndiye aliyenisindikiza uwanja wa ndege akabaki amesimama pale kwenye kioo mpaka nikamwona mdogo. Sijasahau. Ningefurahi tu aondoe yale maneno kwenye kundi.

Fedha zilizobaki nitatuma mwisho wa mwezi ujao, nimeomba zamu 2 za ziada. Fundi aanze upande wa chumba chenu, huku kwingine kutangoja.

Nipigie Ijumaa jioni uniambie Kaka amejibu nini. Nitakuwa macho.

Mwanao