Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, bei ya dawa iko mezani kwako

Shikamoo Mheshimiwa. Mambo ya dawa watu huwa wanamwandikia Waziri wa Afya lakini hii nimekuletea wewe makusudi, maana hataza, yaani haki ya mwenye dawa kuzuia wengine wasiitengeneze wala kuiuza bila ruhusa yake, zinasimamiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na BRELA iko chini yako.

Huku Mwanza wavuvi hawatulii sehemu moja, wanahama dago kufuata samaki, leo mtu yuko Igombe wiki ijayo yuko Ukerewe, kumeza kidonge cha kinga ya Ukimwi kila siku kwa maisha hayo ni kazi kweli kweli. Sasa imekuja sindano ya lenacapavir, unachomwa mara 2 tu kwa mwaka, watu wa mialoni ndo wanaihitaji hasa! Marekani inauzwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Watengenezaji wa India wametangaza kuitoa kwa dola kama 40 kuanzia 2027, kwa sababu Gilead, kampuni ya Marekani yenye hataza, waliwapa ruhusa wao na wengine wachache wauze nchi 120. Tunashukuru, ila ona mheshimiwa, ni mpaka mwenye mali aamue. Asingeamua je? Na dawa mpya za saratani ambazo mwenyewe hajamruhusu mtu?

Sikatai, sio kila shida ya dawa ni hataza, amoxicillin ikiisha dirishani ukaambiwa kanunue nje hapo tatizo ni lingine kabisa. Mi naongelea dawa mpya.

Na sheria ya dunia iko upande wetu jamani. WTO, Shirika la Biashara Duniani, wameziruhusu nchi maskini zaidi, na sisi tumo, zisilinde hataza za dawa mpaka tarehe 1 Januari 2033, na tukitoka kwenye hilo kundi mapema nafasi nayo inaondoka. Waganda, tunaochota nao maji ziwa hili hili, waliiandika kwenye sheria yao ya 2014. Sheria yetu ya hataza ya Bara ni ya 1987, WTO yenyewe imeanza 1995! Naomba upeleke marekebisho bungeni, yasisubiri.

Halafu kuna ARIPO, shirika la nchi za Afrika linalotoa hataza kwa nchi wanachama, na sisi tumo. Kabla hawajatoa hataza inayotugusa tunapewa miezi 6 ya kusema kwetu haitatumika. Kwa hizo za dawa, nani pale ofisini anazipitia, na mpaka leo tumekataa ngapi? Hilo naomba ulijibu hadharani.