Barua ya malalamiko: mlitukatia fainali ya wanawake, kisha mkatutukana

Dandora, Nairobi
28 Novemba 2024

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Ofisi Kuu, Nairobi.

Bwana/Bibi Meneja,

KUH: KUKATIZWA KWA FAINALI YA NWSL NA LUGHA YA MHUDUMU WENU

Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe sikuipata kwenu.

Jumapili tarehe 24, saa kumi alfajiri, mlianza kuonyesha kwenye televisheni yenu ya kulipia fainali ya ligi ya soka ya wanawake ya Marekani (NWSL), Orlando Pride dhidi ya Washington Spirit, moja kwa moja kutoka Kansas City. Dakika thelathini na kitu hivi, picha ikapotea. Iliporudi, tukaonyeshwa Manchester City na Tottenham, marudio ya mechi ya wanaume ya Jumamosi ambayo kila mtu alishaijua, Tottenham walishinda 4-0. Hakukuwa na tangazo wala hata maneno ya samahani chini ya skrini. Dakika ya 37 Barbra Banda akafunga. Ndilo bao pekee la mechi ile, ndilo lililoipa Orlando ubingwa, na sisi tulikuwa tunaangalia mpira wa jana.

Mimi ni kocha wa timu ya wasichana. Usiku huo walilala sebuleni kwangu kwa ruhusa ya wazazi wao, wengine kwenye kochi, wengine kwenye mkeka. Nikapiga simu kwenu nikaiweka kwenye spika, wasikie kwamba jambo lao linashughulikiwa. Mhudumu wenu akanijibu hivi: "Madam, hiyo si ni mechi ya wanawake tu? Nani anaamka saa hii kuiangalia? Lala, asubuhi utaona matokeo." Kisha akakata simu.

Masharti ya kifurushi changu mnayajua, ni nyinyi mliyoyaandika. Nilikilipia kuanzia Machi, ligi ilipoanza, hadi mwezi huu. Sikukilipia kwa ajili ya filamu wala kwa ajili ya Manchester City. Nilikilipia kwa sababu tangazo lenu lilisema msimu mzima wa NWSL. Pesa hizo si zangu peke yangu. Wazazi wa wasichana hawa wamekuwa wakichanga kidogo kidogo, na wengi wao ni watu wa kuuza mboga na kufua nguo za watu. Jumbe zote za M-Pesa ninazo.

Labda ofisini mwenu hakuna aliyefuatilia msimu huu, kwa hiyo acheni niwaeleze mlikuwa mnauza nini. Timu 14, kila moja ikicheza mechi 26. Orlando walicheza mechi 23 za kwanza bila kushindwa hata moja, mpaka Portland walipowapiga 2-0 mwezi Oktoba. Mshambuliaji wao ni Banda, Mzambia. Katika timu ya Kansas City Current kulikuwa na Temwa Chawinga wa Malawi, aliyefunga mabao 20, rekodi ya ligi hiyo kwa msimu mmoja, na akaifunga kila timu aliyokutana nayo. Sioni mchezaji bora wa kuwaonyesha wasichana wangu kuliko huyo. Wa kwanza na wa pili kwa mabao katika ligi ya Marekani wametoka Malawi na Zambia, nchi ambazo basi kutoka hapa mjini linaweza kukufikisha! Nahodha wa Orlando ni Marta, Mbrazili, ambaye yuko klabuni hapo tangu 2017 na hakuwa amewahi kulibeba kombe hilo. Usiku ule ndio alilibeba. Wasichana hawakumwona akilinyanyua.

Mmoja wao, beki wangu wa kulia, ameandika matokeo ya msimu mzima kwa chaki kwenye mabati ya ukuta wangu wa nyuma. Safu ya tarehe, safu ya timu, safu ya mabao, na jina la Chawinga limepigiwa mstari kila alipofunga. Kuna mistari ina alama ya kuuliza tu. Hizo ni mechi ambazo ratiba yenu ilisema zitaonyeshwa, tukakesha, zikahamishwa bila taarifa au tukakuta gofu. Mwezi Agosti niliwaandikia kuhusu jambo hilihili, mkanitumia namba ya malalamiko na ahadi kwamba mtanipigia. Hiyo simu sijaipata hadi leo.

Jumatatu nilifika ofisini kwenu mjini. Kijana wa kaunta alinisikiliza huku macho yako kwenye kompyuta, halafu akaniuliza, mbele ya foleni nzima, kama mechi za wanaume wikendi hiyo nilizipata vizuri. Nikasema ndiyo. Akasema basi dekoda yangu haina tatizo.

Niirudie ile simu, kwa sababu nina hakika mtasema mhudumu alikuwa amechoka. Hakuwa amechoka. Kwanza aliniuliza, "Ni ya wanaume ama ya wanawake?" Nilipojibu, alicheka. Alicheka, Meneja, na sebule nzima ikasikia. Ndipo aliposema hiyo si ni ya wanawake tu, nani anaamka saa hii kuiangalia. Waliokuwa wameamka saa hiyo walikuwa wameketi mbele yangu, wamejifunika blanketi, vikombe vya chai mikononi, wananitazama usoni waone nitasema nini. Nami sikupata nafasi ya kusema, kwa sababu aliniambia nilale, akakata. Kipa wangu, mtoto wa miaka kumi na mitatu, alisimama akakunja blanketi yake vizuri, akaniuliza kama anaweza kwenda nyumbani. Nje bado kulikuwa giza.

Bao lenyewe waliliona baadaye kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, vichwa vimegongana. Banda anamhadaa beki, anapiga kwa mguu wa kushoto. Hakuna aliyeshangilia. Na juzi Jumanne, Banda huyohuyo ametangazwa mwanasoka bora wa kike wa mwaka wa BBC, kwa kura za mashabiki. Nani anaamka? Muulizeni mhudumu wenu hizo kura zilipigwa na nani.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai mambo mawili tu: malipo yangu ya Novemba yarudishwe, na barua ya kuomba msamaha. Ila kadiri ninavyoandika naona hayo hayatoshi. Nataka malipo yote tangu Machi, kwa sababu msimu mlionitangazia sio mlionionyesha. Nataka fainali ile ionyeshwe yote, dakika zote, saa ambayo mtoto anaweza kukaa macho, kwenye chaneli ileile mnayoonyeshea wanaume, na itangazwe mapema kama mnavyotangaza mechi za wanaume. Na barua ya msamaha isije kwa jina langu. Iandikwe kwa wasichana, ikiwa na sahihi yako wewe Meneja, sio mhuri wa idara, nami nitawasomea uwanjani kabla ya mazoezi. Mhudumu aliyetuambia tulale apige simu, niiweke kwenye spika kama siku ile, awaombe radhi. Mazungumzo ya alfajiri ile mnayo, maana simu yenu hutuambia kila mara kwamba inarekodiwa. Msiyafute.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na haki ya kulipwa fidia anapopata hasara. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Mnazijua kuliko mimi, mna mawakili. Nilikuwa nimewaza kuwapa siku 14. Baada ya kukumbuka ile barua ya Agosti, nawapa siku saba kuanzia mtakapoipokea hii. Zikipita, nakala itakwenda Mamlaka ya Mawasiliano, na mimi nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Pale sihitaji wakili, na madai hayazidi shilingi milioni moja. Wazazi wameshasema watakuja nami, na kipa wangu atatoa ushahidi wa alichokisikia kama hakimu atamruhusu.

Dekoda yenu nimeichomoa. Iko ndani ya sanduku lake, tayari kurudishwa, pamoja na rimoti.

Nimeambatisha jumbe za malipo, nakala ya barua ya Agosti, picha ya skrini ya ratiba yenu ya tarehe 24, na picha ya ukuta wa mabati.

Wako,

Kocha na mteja wenu (namba ya akaunti iko kwenye viambatisho)

Nakala: Wazazi wa wachezaji